Kosa la Nahodha au la Mabaharia?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, usistaajabu ukiona ukurasa huu, uliozoea kuzungumza nawe juu ya malezi na adabu, leo unataja mpira. Tena si mpira wetu wa miguu, bali ule wa Kimarekani, ambao mchezaji huukumbatia mpira kifuani na kukimbia nao huku wenzake wakipambana kifua kwa kifua. Sababu ni kijana wetu mmoja asomaye katika jimbo la Nebraska. Alipokuja likizo alitukuta barazani baada ya Isha, akatupa khabari za timu ya chuo chake, kisha akauliza: "Maalim, timu ikiwa kila mara inaongoza halafu inaanguka mwishoni, kosa ni la kocha au ni la tabia ya timu yenyewe?"

Baraza likagawanyika papo hapo. Wenye watoto wakasema kosa ni la mwalimu. Sisi walimu tukasema kosa ni la tabia waliyokuja nayo watoto. Hapo nikatambua kuwa hatuzungumzi mpira tena, na kwamba swali hili lataka kupimwa kwa uadilifu.

Kwanza tuijue khabari yenyewe. Chuo Kikuu cha Nebraska kipo mji wa Lincoln, na watu wa jimbo hilo huipenda timu yao kupita kiasi; tangu mwaka 1962 tikiti za uwanja wao huuzwa zote kila mechi. Kuanzia 1973 mpaka 1997 timu hiyo iliongozwa na mtu mmoja, Tom Osborne, miaka ishirini na mitano. Alishinda mechi 255, akashindwa 49, akatoka sare 3, wala hapakupita mwaka hata mmoja ambao alishinda chini ya mechi tisa. Alipata ubingwa wa nchi nzima mara tatu, 1994, 1995 na 1997.

Katika timu ile ya 1997 alikuwamo kijana wa jimbo hilo hilo, jina lake Scott Frost, na ndiye aliyeongoza mashambulizi. Miaka ishirini baadaye, akiwa kocha huko Florida, timu yake ilicheza msimu mzima wa 2017 bila ya kushindwa. Nebraska wakamwita arudi nyumbani. Watu walifurahi, wakaona mwana wa nyumba ndiye atakayeinua nyumba.

Haikuwa hivyo. Tangu 2018 mpaka alipofukuzwa Septemba 2022 alishinda mechi 16 akashindwa 31. Lakini khasa angalia namna ya kushindwa. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi nane au chini ya hizo alishinda 5 tu na kushindwa 22. Mwaka 2021 timu yake ilicheza mechi 12, ikashinda 3 na kushindwa 9, na hapana hata moja katika hizo tisa iliyopotea kwa zaidi ya pointi tisa. Ukijumlisha mwaka mzima, walifunga pointi 335 wakafungwa 272. Yaani walifunga zaidi ya walivyofungwa, na juu ya hayo wakashindwa mara tatu ya walivyoshinda.

Wako wasemao hiyo ni bahati mbaya tu. Sisi twaamini kadari, wala hatuikanushi. Lakini kadari si shuka ya kufunikia uzembe. Irushe sarafu mara 27: kuangukia upande mmoja mara tano tu au chini ya hapo ni jambo lisilotokea hata mara moja katika elfu. Basi hapana budi pana sababu, na sababu hutafutwa.

Wenye kumlaumu kocha wana hoja, tena nzito. Mwaka ule wa 2021 timu ilikuwa ikianguka zaidi penye mateke, pale mpira unapopigwa mbali kwa wapinzani. Dhidi ya Michigan State walikuwa wakiongoza, zimebaki dakika chache. Mpigaji akaupeleka mpira upande mmoja na walinzi wake wameelekea upande mwingine, mpinzani akaudaka akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Dhidi ya Iowa waliongoza 21 kwa 6. Teke lao likazuiwa, wapinzani wakaligeuza kuwa pointi, na mechi ikaisha 28 kwa 21. Na kocha huyo mwaka mzima hakuwa na msaidizi aliyepewa kazi ya mateke peke yake. Aliajiri baada ya msimu kwisha. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena Agosti 2022, mjini Dublin, alikuwa akiwaongoza Northwestern 28 kwa 17. Palipotakiwa mpira upigwe mbali, yeye akaamrisha upigwe karibu, ili watu wake waunyakue kwa ghafla na kuwamaliza wapinzani mara moja. Hila haikufaulu, wapinzani wakapata nguvu, wakashinda 31 kwa 28. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa lau angerudishwa nyuma asingeamrisha vile. Hilo ni kosa la nahodha, halina mabaharia ndani yake.

Septemba 10 wakashindwa nyumbani na Georgia Southern, 45 kwa 42, na siku ya pili yake akafukuzwa. Chuo kikakubali kumlipa takriban dola milioni 15 kwa kuvunja mkataba, na lau wangesubiri mpaka Oktoba 1 malipo hayo yangepungua nusu. Hawakuweza kusubiri hata siku ishirini.

Sasa wasikilize wenye kulaumu tabia ya timu. Mwaka 2023 akaja kocha mpya, Matt Rhule, mtu mwenye sifa ya kuzijenga timu zilizobomoka. Timu ikafikia mahali ambapo ilihitaji ushindi mmoja tu katika mechi nne za mwisho ipate kwenda katika mashindano ya baada ya msimu. Ilishindwa zote nne: kwa pointi tatu, kwa tatu, kwa saba, na kwa tatu. Nahodha amebadilishwa, na chombo kimepanda mwamba ule ule! Basi itakuwaje kosa liwe la nahodha aliyekwisha kushuka?

Kwa hakika, ndugu msomaji, pande zote mbili zina nusu ya haki, na nusu ya haki ikitolewa peke yake hudhulumu. Tabia ya timu haishuki kutoka mbinguni. Ni yale ambayo kocha ameyafundisha, na yale aliyoyaona akayanyamazia, yakirudiwa siku baada ya siku mpaka yakawa mazoea. Mtu akiwa na raha hutenda alivyoambiwa. Akishikwa na khofu hutenda alivyozoea. Robo ya mwisho ya mechi ni saa ya khofu, na hapo huonekana mazoea tu. Lakini mazoea hukawia kupandwa na hukawia kung'oka. Kwa hiyo kocha wa leo huvuna ya jana, na aliyeyapanda jana huwa keshaondoka, hayupo wa kuulizwa.

Hapa nawalaumu watu ambao pande zote mbili wamewasahau, nao ni wakubwa wa chuo na mashabiki wenye kupiga kelele. Alipoondoka Osborne alifuata msaidizi wake, Frank Solich. Wakamfukuza 2003 katika msimu alioshinda mechi tisa na kushindwa tatu. Akaja mwengine akakaa miaka minne. Bo Pelini hakupungua mechi tisa za ushindi katika kila mmoja wa miaka yake saba, naye akafukuzwa 2014. Akaja wa miaka mitatu, kisha Frost, kisha Rhule. Katika misimu ishirini, tangu 2004 mpaka 2023, wamekuwa na makocha watano wa kuajiriwa rasmi, ambapo kabla yake mmoja alikaa miaka ishirini na mitano. Kila mmoja akaja na mafundisho yake, akayang'oa ya mwenzake kabla hayajaota. Watu walioona kushinda mechi tisa ni aibu ndio walioishia kushinda tatu. Kutotosheka kuna malipo yake.

Wala nisieleweke kuwa namsifu Osborne kwa kila jambo. Mwaka 1995 mchezaji wake mmoja alimpiga mwanamke, akasimamishwa, kisha akarudishwa uwanjani msimu ule ule, na timu ikatwaa ubingwa. Kushinda si dalili ya akhlaki njema. Lakini yake mema tuyaseme: wasaidizi wake walikaa naye miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ilikuwa na baraza la wachezaji wenyewe, lililochaguliwa nao, wakihukumiana katika mambo ya nidhamu. Huko kushauriana sisi tulifundishwa kabla yao.

Na tuliufundishwa wakati gani? Baada ya kuanguka. Hasha, hatumfananishi Mtume (s.a.w.) na kocha wa mpira, tunatafuta kwake mwongozo kama tunavyoutafuta katika kila jambo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, Waislamu walikuwa wameshinda mwanzoni. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale khamsini juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamuru wasiondoke kwa hali yoyote, wenzao wakishinda au wakishindwa. Walipoona ngawira, wengi wao wakashuka. Khalid bin Walid, kabla ya kusilimu kwake, akazunguka kwa nyuma, na ushindi ukageuka msiba. Wakafa mashahidi sabini. Hapo kiongozi hakukosea kabisa, na amri ilikuwa wazi. Surat Aal Imran ikawaeleza waliouliza msiba huu umetoka wapi, kwamba umetoka kwao wenyewe.

Lakini sura hiyo hiyo, baada ya kulitaja kosa lao, ikamwamrisha Mtume (s.a.w.) awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao. Hakuambiwa awafukuze. Na siku ya pili yake, majeraha yangali mabichi, akawatoa kwenda Hamra al-Asad kumfuata adui, akaagiza wasitoke illa wale waliokuwapo Uhud, isipokuwa Jabir bin Abdullah (r.a.) aliyeomba ruhusa. Watu wale wale, walioanguka jana, ndio waliopewa amana leo. Hiyo ndiyo dawa: kosa litajwe kwa jina lake, mtu asamehewe, kisha arudishwe kwenye mtihani ule ule akiwa na imani ya mkubwa wake.

Nebraska, kwa mara moja, walisubiri. Rhule hakufukuzwa. Mwaka 2024 timu ilishindwa tena mechi nne mfululizo, kelele zikaanza, naye akaachwa. Mwisho wa Desemba walipambana na Boston College. Wakaongoza 20 kwa 2, na katika robo ya mwisho maradhi ya zamani yakaanza kurudi, wapinzani wakafunga 13. Safari hii walisimama, wakashinda 20 kwa 15, na mwaka ukaisha kwa ushindi 7 na kushindwa 6. Ulikuwa mwaka wao wa kwanza tangu 2016 wa kushinda zaidi ya walivyoshindwa. Si jambo kubwa. Lakini ukuta umeanza kushika.

Nami sijitoi katika lawama hizi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyehifadhi vizuri. Chuoni, mbele yangu, hasimami. Siku ya Maulidi akakwama mbele ya wazee, akalia. Nikamkemea hadharani, na nyumbani nikasema, watoto wa siku hizi hawana moyo. Mama yake akanijia kwa adabu akaniambia: "Maalim, huyu kila akikwama chuoni, wewe humtilia neno kabla hajalitafuta." Nilinyamaza, maana alisema kweli. Nilikuwa nimemzoeza kuokolewa, kisha nikamlaumu kwa kuwa hajui kuogelea. Namshukuru mama yule kwa jambo la pili: hakumhamisha mtoto. Tulianza upya, mimi nikiufunga mdomo wangu na yeye akitafuta, na mwaka uliofuata alisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo namjibu kijana wetu. Mwanangu, mwanzo wa kosa ni wa kocha, na utu uzima wake ni tabia ya timu, na mwenye kulinywesha maji ni yule abadilishaye makocha kila akikasirika. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nanyi wazee mliokwisha kumtoa mtoto katika vyuo vitatu, muulizeni kwanza mwalimu wa nne atahitaji muda gani. Na walimu wenzangu, kabla hatujasema "watoto hawa", tuhesabu ni mara ngapi tumeliona kosa tukalinyamazia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusubiri na wenye kujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin. Wabillahi taufiq.