Dawa Iliyomo Ndani ya Gundi

Kiangalie kibandiko cha Evra, cha kuzuia mimba, kabla utando wake wa chini haujabanduliwa, na hutaona mahali ilipowekwa dawa. Ni kipande cha mraba, kama sentimita 4.5 kila upande, chenye rangi ya hudhurungi hafifu ambayo ni dhahiri haikuchaguliwa kwa ngozi zetu. Hakina kifuko wala unga. Juu kuna plastiki inayozuia maji, chini utando wa kutupwa, na katikati gundi. Homoni zote zimo ndani ya gundi hiyo: kinachonata ndicho kinachotibu.

Homoni ni mbili, zote za maabara. Moja, ethinilestradioli, ilitengenezwa Berlin mwaka 1938 na Hans Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering. Waliyekuwa wakishindana naye ni ini. Estrojeni ya asili ikimezwa hupita kwenye ini kwanza, na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika inakotakiwa. Wao wakapachika kaboni mbili kwenye nafasi ya 17 ya molekuli, palepale ini linapoanzia kazi. Kaboni mbili tu, na ikawa dawa ya kumeza. Vidonge vingi vya majira vyenye homoni mbili vinaitumia mpaka leo.

Ya pili ni norelgestromini. Hii ndiyo ambayo mwili hujitengenezea mwanamke anapomeza norgestimeti, iliyomo katika baadhi ya vidonge. Waliobuni kibandiko, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, waliamua kupeleka moja kwa moja kile ambacho mwili ungekitengeneza wenyewe.

Lakini pana ngozi. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa zilizoshikamana kwa mafuta, jembamba kuliko karatasi, na bado hukataa karibu kila kitu. Linaruhusu molekuli ndogo, zinazopenda mafuta, za dawa inayofanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Homoni hizi zina sifa zote tatu.

Sasa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Kibandiko kina miligramu 6 za norelgestromini. Kwa siku hutoa mikrogramu 150 hivi, yaani kwa wiki nzima miligramu 1 na kidogo. Karibu 5 zinatupwa! Ungedhani ni ubadhirifu, kumbe zile zisizotumika ndizo zinazosukuma zinazotumika. Pipa lililojaa hutoa maji kwa kasi ileile kutwa nzima. Lililobakiza maji kidogo hudondosha tu. Gundi iliyojaa homoni haishuki nguvu kati ya Jumatatu na Jumapili. Ndiyo maana anayesahau kubadilisha katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko bado ana kinga kwa siku mbili zaidi, na ndiyo maana kilichotumika hukunjwa gundi kwa gundi kikatupwa kwenye taka, hakitupwi chooni.

Matokeo mwilini ni yale ya kidonge: tezi ya pituitari haitoi amri ya kupevusha yai, na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito. Tofauti ni kwamba kiwango katika damu hakipandi na kushuka kila siku. Utulivu huo una gharama yake. Jumla ya estrojeni inayoingia ni kubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko ya kidonge cha mikrogramu 35, na mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kuhusu jambo hilo, kwa kuwa estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Mvutaji sigara aliyepita miaka 35 hapaswi kukitumia, na kwa mwenye kilo 90 na zaidi huenda kikashindwa.

Kuhusu kunata, kilijaribiwa kwenye sauna, kwenye mazoezi na ndani ya maji baridi, na katika majaribio, vilivyolazimika kubadilishwa kwa kubanduka havikufika 5 katika kila 100. Kinachokera ni ule mstari mweusi wa vumbi unaojikusanya ukingoni. Hutoka kwa mafuta ya watoto.