"Samaki wa Magamba": Istilahi Isiyomlinda Mlaji

Katika baadhi ya tafsiri zihusuzo ufugaji wa viumbe vya baharini hutumika istilahi "samaki wa magamba", au kwa kuunganisha, "samakigamba", kwa maana ya chaza, kome, kombe, kaa na kamba kwa jumla. Istilahi hiyo imefuata neno la Kiingereza kipande kwa kipande, bila kuzingatia maana ambayo maneno hayo tayari yanayo katika Kiswahili.

Kwa mwenyeji wa pwani, samaki mwenye magamba ni changu au chewa. Chaza si samaki, wala hana magamba ya samaki. Ana maganda mawili yaliyofumbana. Basi tangazo la afya likisema, "Msile samaki wa magamba kutoka ghuba hii", msomaji ataacha changu na kupika chaza. Mfasiri atakuwa amemwelekeza kwenye hatari ile ile aliyotakiwa kumwepusha nayo.

Hatari yenyewe yafaa ieleweke. Chaza, kome na kombe hula kwa kuchuja maji. Bakteria wa maji machafu na mwani mdogo wenye sumu huweza kukusanyika mwilini mwao. Mwaka 1987, kome waliofugwa katika Prince Edward Island, nchini Kanada, waliwadhuru watu zaidi ya 100, na baadhi yao wakafariki. Sumu hiyo ilitokana na mwani usioonekana kwa macho. Kaa na kamba hawali kwa kuchuja maji namna hiyo; kwa hiyo kuwaita wote kwa jina moja kunaficha sababu ya tahadhari.

Neno jingine lenye utata ni "kusafisha". Msomaji hudhani ni kuosha maganda. Kwa wafugaji, maana yake ni kuwaweka chaza walio hai katika maji safi ya bahari kwa muda maalumu, ili watoe uchafu uliomo mwilini. Neno "kutakasa" lingefaa zaidi. Hata hivyo, utakaso huo hupunguza bakteria, lakini hautegemewi kuondoa sumu ya mwani. Wala kupika hakuiondoi. Kwa sababu hiyo "vijidudu" na "sumu" yasitumike kana kwamba ni neno moja.

Huenda ikadaiwa kwamba istilahi ya kitaalamu sharti iwe fupi. Ufupi ni sifa njema, lakini hauwezi kutangulizwa mbele ya maana. Tunapendekeza "wanyama wa maganda mawili" katika vitabu vya shule, na "chaza, kome na kombe" katika matangazo. Kaa na kamba watajwe kwa majina yao pale wanapohusika.

Kabla ya kuidhinishwa, istilahi ya tahadhari na isomwe mbele ya wanawake waokotao chaza maji yanapokupwa. Wakiielewa vingine, kosa litakuwa la istilahi, si lao.