Heko kwa Mafundi wa Fataki wa Japani

Umati hupiga makofi ukitazama juu, na aliyeitengeneza fataki hajulikani. Ndiye ninayetaka kumsifu. Huviringisha punje za baruti, huzipaka tabaka moja, huzianika, kisha hupaka nyingine, siku baada ya siku.

Kabla ya enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, fataki za Japani zilikuwa na rangi ya kaa la moto tu. Kemikali kutoka ng'ambo, hasa kloreti ya potasiamu, zilileta rangi kali, na mafundi wakazimudu upesi. Kila Agosti mjini Nagaoka hurushwa kombora la fataki lenye kipenyo cha sentimita 90 hivi, katika tamasha linalowakumbuka waliouawa na mabomu mjini humo usiku wa Agosti 1, 1945. Baruti kupewa kazi ya ukumbusho, katika mji huohuo, ni jambo kubwa.

Kila rangi ina kemikali yake: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani. Buluu ndiyo mtihani: hutokana na shaba iliyoungana na klorini, na joto likizidi muungano huvunjika, rangi ikapauka. Nikiona buluu iliyokolea, nampa heko aliyeipima.