Jozi Moja kwa Nyama na Kachumbari

Waliohudhuria walima ule wa Bububu hawahitaji kusimuliwa namna jungu la biriani lilivyoteremshwa, wala rojo lilivyokolea, wala sinia zilivyopangwa kwa nidhamu. Yote hayo yalikuwa barabara, nami nimekwisha kuyasema. Kilichonikalisha kuandika ni uamuzi mmoja wa mpishi mkuu, ambaye, baada ya kuikatakata nyama mbichi ya ng'ombe mpaka kipande cha mwisho, aliitumbukiza mikono yake yenye glavu ndani ya beseni la maji, akaipukusa mara mbili, kisha pasi na kuvua wala kubadili akakishika kisu cha kachumbari. Kosa lile lilikuwa dhahiri, na ajabu ni kwamba hadhira nzima ilikuwa ikimtazama kwa kuridhika, kwa sababu tu amevaa glavu.

Tulitazame beseni lenyewe. Maji yake yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi ya waridi, juu yameshika utando wa mafuta, na maganda mawili matatu ya vitunguu yakielea humo, na sabuni haikuwepo. Mafuta ya nyama hayatoki kwa maji baridi, awe aliyeyagusa amevaa glavu au hakuvaa, ila tofauti ni kwamba mkono mtupu huusikia utelezi wake na ukamhimiza mwenyewe atafute sabuni, ilhali mkono uliovikwa mpira hausikii kitu, na mwenyewe akadhani yu safi. Isitoshe, glavu zenyewe zilikuwa kubwa kuliko viganja vyake, ncha za vidole zikining'inia tupu mbele ya kisu, na katika mikunjo ile damu ya nyama ilijificha pasipo kufikiwa na upukusaji wa aina yoyote. Nimekwisha kuandika mara nyingi juu ya hawa wanunuzi wa saizi moja kwa watu wote, nao hawasikii.

Nyama ile, baada ya hapo, iliingia motoni ikapikika. Kachumbari haiingii motoni. Ndimu na chumvi haviwezi kuifanya kazi ya moto, na sisi tuliokiona kipindupindu kisiwani mwetu mwaka 2015 kuingia 2016 hatuna udhuru wa kutojua mambo ya chakula kibichi na mikono. Wala asije mtu akanitajia shida ya maji, maana hapa ndipo Bububu, penye chemchemi ambayo Sultani Seyyid Barghash aliivuta kwa mabomba mpaka mjini. Ndoo moja ya maji safi, kipande cha sabuni na jozi mpya ya glavu vingemchukulia mpishi yule muda mchache mno.

Mabibi waliokuwa wakisimamia shughuli zamani hawakuwa na glavu hata moja, na walakini jambo hili lisingetokea mbele yao, kwani aliyekaa kwenye nyama alibaki kwenye nyama, na aliyetaka kuhamia kwenye kachumbari alipelekwa kwanza kunawa kwa sabuni na ndimu, akakaguliwa kucha, kisha akapewa kisu kingine na ubao mwingine. Hadhari yao ilikuwa katika kuigawa kazi. Ya leo imehamia kwenye boksi la dukani.

Baada ya shughuli ikatokea taksiri ya pili: glavu zile zile zikatiwa jiki na kuanikwa juani, zingojee arusi ya wiki ijayo. Mpira wa asili huharibiwa na mafuta, na ukapasuka kwa jua. Tena inashangaza kuyafanya hayo katika kisiwa ambacho mpira wenyewe umegemwa mitini, huko Kichwele na Selem. Wapo watakaonijibu kuwa hata matabibu wa kale walizirudia glavu zao. Ni kweli. Zile alizoagiza daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins kwa kampuni ya Goodyear, katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton aliyebabuka mikono kwa dawa ya zebaki, zilikusudiwa kusafishwa na kuvaliwa tena. Bali hizi zilizoenea tangu miaka ya 1960 zimefanywa nyembamba kwa makusudi, zivaliwe kwa kazi moja na kutupwa pamoja nayo. Na juu ya hayo zilikuwa za unga, aina ambayo Marekani iliipiga marufuku katika matibabu tangu Januari 2017 kwa madhara ya unga huo katika pumzi na vidonda, nasi bado tunaizungushia vitunguu! Kwa nyama na samli zafaa zile za buluu za naitrili, ambazo hustahimili mafuta, na kwa kugawia chakula kisicho moto zatosha zile za nailoni.

Binti aliyeosha masufuria ndiye aliyefanya kazi ya kusifiwa: alivaa glavu nene za manjano, pindo amezikunja nje ili maji yasimtiririkie viwikoni, na kabla ya kuzivua akazisugua kwa sabuni zikiwa bado mikononi, akaziosha, akaziinamisha kivulini vidole juu. Kwa anayetaka kumfuata, limebaki moja tu: kila mara kabla ya kushika jiki, ijazwe glavu maji, ikazwe mdomo na kubinywa. Likitoka tone kwenye ncha ya kidole, haifai tena kwa dawa. Ikatwe pindo lake vipande vyembamba, na wauzaji wa viungo wa Kijichi watapata mipira ya kufungia vifuko vya pilipili manga.