Fedha ya Seyyid, Bangili ya Mwale

Mtu aliyezoea kukaa penye mizani Rubaya, katika Masisi, au Bisie kule Walikale, huku kwetu Kivu, akawatazama wanunuzi wa koltani na kasiterite wakilipima jiwe kiganjani kabla ya kulitia kwenye kipimo, hatastaajabu akiambiwa ya kuwa stadi wa sarafu za kale naye huanza kwa mkono, kisha jicho, na kitabu humfuata nyuma kama mtumishi. Nami nataka kuisifu kazi yake kwa sarafu moja tu: dola ya fedha ya Marekani yenye tarehe ya 1804.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, huko Maskati. Na kwa kuwa alikuwa hana budi kurejea na hati zilizothibitishwa, serikali yake ikaamuru sarafu zitengenezwe ziwe hadaya. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walitafuta katika daftari mwaka wa mwisho wa dola, wakaukuta 1804, wakauchonga. Kumbe dola zilizotoka mwaka ule zilikuwa na tarehe za nyuma! Basi sarafu hizo zilizaliwa 1834 zikiwa zimevikwa umri wa miaka 30, na ile inayohesabiwa kuwa ya Seyyid ilinunuliwa mnadani mwaka 2021 kwa dola 7,680,000.

Uongo huo haukuwa na nia mbaya. Wa kusudi ulifuata, pale watu wa kiwanda kile kile walipochapa nyingine kwa siri, na hapo ndipo ustadi hudhihirika: mjuzi hutazama ukingo, kama una maandishi au ni mtupu, huangalia herufi zikaavyo juu ya mawingu upande wa tai, hupima uzito. Moja ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857, na nakshi ya kwanza haikukubali kufutika.

Fedha ile haikufika kwetu. Kilichopanda kutoka Unguja kwa njia ya Tabora, Ujiji na Nyangwe ni nguo ya merikani, bunduki, minyororo, na lugha hii ninayoiandika. Fedha yetu ilikuwa nyingine: magharibi ya ziwa Kivu Watembo walisuka bangili za nyuzi za mwale, ziitwazo butega, zikavuka maji hata Ijwi na Rwanda, zikahesabiwa sokoni kama mali. Bangili hiyo haina tarehe, ya kweli wala ya uongo. Haina ukingo wa kusomwa, na unyevu wa msitu huila upesi kuliko kutu. Mkusanyaji atakayeipata, hata awe hodari wa dola zote za 1804, kioo chake cha kukuzia hakitamfaa kitu. Itambidi apande nayo mlima hadi kwa bibi mmoja wa Kitembo, akae kitako kwa adabu, amwekee kiganjani, anyamaze.