Ukurasa Gani? Michezo ya Uigizaji Darasani na Uhakiki wa Tamthilia

Katika daftari za fasihi simulizi za wanafunzi wetu mna kichwa kinachoitwa "Michezo ya Watoto". Chini yake huorodheshwa sifa: ina kanuni, huhusisha uigizaji, huambatana na nyimbo, hutumia maleba ya kubuni. Kisha dhima: hukuza ubunifu, hujenga ushirikiano, huburudisha. Mwanafunzi wa hapa Ganjoni ambaye miaka michache tu iliyopita alikuwa akicheza mwajificho na baba-na-mama kichochoroni, huyanakili hayo yote akiwa ameketi, huyakariri akiwa ameketi, na mtihani ukija huyaandika akiwa ameketi. Alama anazipata. Baadaye hukabidhiwa tamthilia, naye huisoma jinsi anavyosoma riwaya, isipokuwa kwamba hii ina majina mengi pembeni.

Makala haya yanatetea hoja moja. Mchezo wa uigizaji darasani ni njia ya kuhakiki tamthilia, na thamani yake hupimwa kwa namna unavyomrudisha mwanafunzi kitabuni. Usipomrudisha kitabuni, ni kelele tu, hata kama wanafunzi wameufurahia.

Nasema hivi kwa sababu walimu tumegawanyika makundi mawili katika jambo hili, na makundi yote mawili yananitia shaka. Wapo wanaouona mchezo kuwa upotezaji wa dakika 40 za kipindi, ilhali silabasi inawakimbiza. Wapo pia, hasa baada ya warsha, wanaoamini kwamba darasa likichangamka basi limejifunza. Wa kwanza humzalisha mtahiniwa anayejua mwongozo bila kuijua tamthilia. Wa pili humzalisha mtahiniwa anayekumbuka igizo la darasani na kulidhania kuwa ndiyo tamthilia yenyewe. Wote wawili hukutana mbele ya swali moja la karatasi ya fasihi: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Ni alama nne tu, lakini ndizo hufichua nani amesoma na nani amesomewa.

Michezo hii haikuanzia kwetu kwa jina inalopewa leo. Viola Spolin, aliyefanya kazi na watoto wa wahamiaji huko Chicago, alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1963. Mbrazili Augusto Boal alitoa kitabu chake kuhusu tamthilia ya wanaodhulumiwa mwaka 1974, akamruhusu mtazamaji kusimamisha igizo na kuichukua nafasi ya mhusika. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili ana mifano iliyo karibu zaidi. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliokuwa na darasa la ngumbaru waliishiriki tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ tangu mazoezini, wakiwasahihisha waandishi lugha na ukweli wa mambo. Serikali iliipiga marufuku mwezi Novemba mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba. Nchini Tanzania, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliuanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996 ili wasichana wa shule za sekondari wayaseme matatizo yao kwa njia ya uigizaji. Baadaye mradi huo ulichukuliwa na jumuiya ya FAWE na kuenezwa katika nchi nyingine za Afrika. Nitarejea kwa Tuseme, maana kuna jambo ndani yake ambalo madarasa yetu hulisahau.

Tuanze na kisima. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) si kitabu teule tena, lakini huitumia kama tamthilia ya mazoezi kabla ya wanafunzi kuingia kwenye kitabu chao, kwa kuwa hakuna mtihani unaoidai. Ndoo huwekwa katikati ya darasa. Hicho ndicho kisima cha Butangi. Wanafunzi wawili husimama kando yake wakiwa askari wa Mtemi Bokono, wengine huja kuteka. Hawaruhusiwi kusema neno lolote. Kazi yao ni kutembea, kusimama na kutazama tu. Baada ya dakika tatu, wale waliobaki vitini huulizwa: nani ana nguvu hapa, na umejuaje?

Watoto wa kisiwa hiki hawahitaji kuelezwa maana ya foleni ya maji. Wanaijua mikokoteni ya mitungi ya lita 20, wanajua jinsi bei inavyopanda mifereji inapokauka, na wanajua namna mtu anavyomtabasamia mwenye mfereji asiyempenda. Kwa hiyo wakija kuulizwa kisima kinaashiria nini, hawakurupuki na neno "uongozi" kama lilivyo katika mwongozo. Huanza na miili: aliyeinama, aliyesimama wima, aliyegeuza uso. Kutoka hapo kufika kwenye ishara ni hatua fupi, nayo hubaki akilini.

Faida kubwa zaidi ya zoezi hili, kwa maoni yangu, ni kimya. Msomaji aliyeketi humwona mhusika anayesema tu. Yule aliyepo jukwaani bila kusema humpotea kabisa, kwa sababu jina lake halimo pembeni mwa ukurasa. Lakini mwanafunzi aliyewahi kusimama dakika tano akiwa askari asiye na la kusema anajua kwamba alikuwepo, na kwamba maneno ya wengine yalimpitia masikioni. Mtahiniwa wa namna hii akipewa dondoo hamsahau msemewa, na hawasahau wale waliosikia.

Mchezo wa pili nauita kizimbani. Mwanafunzi huketi mbele akiwa mhusika, na darasa humhoji. Wenzetu wengine huuita kiti moto, ila huko Dar es Salaam jina hilo ni la nyama ambayo wanafunzi wangu wengi hawaili, na kipindi kizima kingeishia hapo. Kanuni ya kizimbani ni moja. Mhusika akitoa jibu ambalo mtu yeyote analitilia shaka, darasa hupaza sauti: "Ukurasa!" Aliye kizimbani lazima auonyeshe ukurasa unaomuunga mkono, au alifute jibu lake.

Kanuni hii ndiyo inayotenganisha ufaraguzi na uhakiki. Mvulana mmoja aliyekuwa Gege aliulizwa kwa nini alimuua nduguye Mwelusi. Akajibu kwa ufasaha kabisa kwamba tangu utotoni Mwelusi ndiye aliyependwa nyumbani. Darasa lilimwonea huruma. Kisha sauti moja kutoka nyuma: "Ukurasa!" Akafungua kitabu, akafungua tena. Hakukuwa na ukurasa. Darasa zima likaanza kupekua, na walichokipata ni ahadi: Gege alitumainishwa kwamba angemwoa Alida, binti wa mtemi. Hapo likazuka swali ambalo hakuna mwongozo uliowahi kuliuliza mbele yao: je, ahadi ya mke inatosha kumfanya mtu amchome kisu ndugu yake wa damu? Wengine walisema inatosha, kwa sababu tamaa ndivyo ilivyo na mwandishi amekusudia tuione ikiwa uchi. Wengine walisema mwandishi amemnyima Gege nafsi, akamfanya chombo cha msuko tu. Mimi niko na hawa wa pili. Lakini jambo la kushikilia ni kwamba mabishano hayo ni uhakiki wa usawiri wa wahusika, nayo yalizaliwa na jibu zuri lililokosa ukurasa.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huipeleka kanuni hii mbali zaidi. Wanafunzi wanaosoma Historia huja na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vichwani. Aliye kizimbani akiulizwa yaliyompata, hujibu haraka: Wajerumani walininyonga Agosti 1905. Ni kweli, huyo ni Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa vita vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza. "Ukurasa!" Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi baada ya wapiganaji kuangushwa na bunduki, na mwishoni yumo gerezani akitakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo huwa nafundisha kwa sentensi moja na husahaulika kwa usiku mmoja. Kizimbani haisahauliki.

Na hapo ndipo tamthilia yenyewe inapofunguka. Kwa nini mwandishi amweke hai mtu ambaye historia ilikwisha kumnyonga? Kwa sababu anamhitaji kwa ajili ya lile swali la mwisho. Akikana maji, atakuwa amesema ukweli na kuwaachia watawala ushindi wa pili. Asipokana, neno lake litaendelea kuwasukuma watu kifoni. Mwanafunzi aliyeketi kizimbani akiulizwa na wenzake thelathini, "Uliwadanganya au hukuwadanganya?" huhisi uzito ambao maelezo yangu ubaoni hayajawahi kuufikisha. Nimewahi kumwona msichana akinyamaza karibu dakika nzima kisha akasema, "Siwezi kujibu hilo na nikabaki Kinjeketile." Hakuombwa ukurasa.

Sasa nirudi kwa Boal, maana hapa sikubaliani na wanaomleta darasani kama alivyo. Mtazamaji wake anasimama, anabadilisha mwisho, mdhulumiwa anashinda. Boal alitaka kuibadilisha jamii, na kwa lengo hilo njia yake ina mantiki. Lakini darasa la kitabu teule likimwokoa Mwelusi leo, kesho kutwa kuna mtahiniwa atakayeandika kwamba Mwelusi aliokoka. Simzui mtu kubadilisha mwisho. Nasema tu kwamba kubadilisha kuje baada ya kujua kwa nini mwandishi hakubadilisha, na kuishie kwa swali: tamthilia ingepoteza nini? Tukimwokoa Mwelusi, anwani ya kitabu inakosa kazi. Wanafunzi huligundua hilo wenyewe, na ni hoja nzuri ya insha kuhusu ufaafu wa anwani.

Kuhusu Tuseme, niliahidi jambo. Mradi ule ulianza na wale wasiosema. Madarasa yetu huanza na wanaosema. Tazama nani hupewa Bokono, nani hupewa Kinjeketile: yule mwenye sauti, ambaye angeshiriki hata bila mchezo. Tamasha la kitaifa la drama la shule, pamoja na heshima yake yote, limetuzoesha kuchagua hodari ishirini na kuwaacha wengine wapige makofi. Kipindi cha fasihi hakina sababu ya kuiga hilo. Mimi hutumia cheo kinachoitwa mshika kitabu. Huyu haigizi. Hukaa karibu na kizimba, kitabu mkononi, na darasa likiita "Ukurasa!" yeye ndiye mwamuzi wa mwisho. Cheo hiki humpa mwanafunzi mwenye haya sababu ya kusikilizwa bila kulazimika kujifanya mtu mwingine. Lazima pia awe ameisoma sehemu hiyo kuliko wote.

Pingamizi la muda ni la kweli. Darasa la wanafunzi hamsini, madawati mazito, joto la Machi, na honi za malori ya Mbaraki zikishindana na mwigizaji. Siigizi kitabu kizima, wala sijawahi kushauri hivyo. Huchagua sehemu tatu: moja yenye kimya kingi, moja yenye uamuzi mgumu, na moja ambayo mandhari yake yana maana. Zilizobaki husomwa kwa kawaida, na husomwa vizuri zaidi kwa sababu jicho limekwisha kuzoea kuona jukwaa. Kelele pia zina dawa: picha iliyoganda, ambapo kundi hujipanga kama sanamu kwa sekunde kumi, haimsumbui mwalimu wa darasa la jirani. Kwa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege hiyo ndiyo huanza nayo. Msimamishe Neema kati ya mumewe Bunju na mamake Sara aliye mgonjwa, kisha uliulize darasa uso wa Neema uelekee wapi. Hawatakubaliana, na kila upande utalazimika kufungua kitabu.

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya tathmini ya Gredi ya 9 mwaka 2025, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufika kikomo 2027. Katika mtaala mpya uigizaji umetajwa waziwazi, hivyo tutaona michezo mingi zaidi madarasani. Wasiwasi wangu ni kwamba itafundishwa kama shughuli inayojitosheleza, yenye vigezo vya sauti na kujiamini, na kitabu kubaki mkobani.

Kwa mtahiniwa asiye na darasa la namna hii, zoezi hili linaweza kufanywa na watu wawili barazani. Chukua onyesho lolote la kitabu teule. Andika majina ya wote waliopo jukwaani, wakiwemo wasiosema. Mchagueni mmoja asiyesema, mwenzako awe yeye, nawe umuulize alichosikia, alichofikiri, na kwa nini alinyamaza. Kila jibu lidaiwe ukurasa. Kisha badilishaneni nafasi, mkaandike muktadha wa dondoo moja kutoka onyesho hilo bila kutazama kitabu.