Jozi ya Nyota Inayopita Utosini

FO Aquarii, katika kundinyota la Ndoo, ni nyota mbili zinazoonekana kama moja. Moja ni kibete cheupe, masalio ya nyota iliyokwisha kuungua: uzito wake unakaribia ule wa Jua, umbo lake ni dogo kama Dunia. Nyingine ni nyota ya kawaida inayonyang'anywa gesi na mwenzake. Sumaku ya kibete huinasa gesi hiyo na kuishusha kwenye ncha zake, ambako huwaka vikali. Kibete hujizungusha mara moja kila dakika 21 hivi, na mng'ao hupanda na kushuka kwa mpigo huohuo.

Idodi, njiani kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo nayo iko nyuzi 8 na ushei kusini mwa ikweta ya anga. Mwishoni mwa Agosti, katikati ya kiangazi, hupita utosini usiku wa manane, ambako mwanga hupenya hewa kidogo kuliko upande wowote mwingine. Kero haikosi: darubini nyingi hugeuka kwa taabu zinapotazama juu wima, na majira hayo ni ya moshi wa nyika.

Kwa macho matupu haionekani. Kamera hupiga picha mfululizo, kisha nyota hupimwa dhidi ya jirani zake zisizobadilika. Moshi ukipita, zote hufifia pamoja, na tofauti kati yao hubaki palepale. Hapo ndipo ulipo uzuri wa ufundi huu.

Saa ndiyo hudai nidhamu. Saa sita usiku ya Idodi huandikwa 21:00 kwa saa ya kimataifa. Tena Dunia hulizunguka Jua, mara ikisogea karibu na nyota hiyo, mara mbali nayo, hivyo mwanga wa Agosti huwahi kwa dakika 8 hivi na wa Februari huchelewa vivyo hivyo. Mbele ya mpigo wa dakika 21, asiyesahihisha hilo amepoteza usiku wake.

Mwaka 2016 FO Aquarii ilikuwa imefifia kuliko kawaida, na mpigo wa dakika 11 hivi ukautawala ule wa 21. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha kwamba kibete, kilichoongeza kasi kwa takriban robo karne, kilikuwa kimeanza kuipunguza.